Kwa Nini Mtu Hufuata Kundi

Mtu hufuata kundi kwa sababu kuu mbili: huamini kwamba wengi wanajua asichokijua, au huogopa kutengwa. Sababu ya kwanza ilionekana katika utafiti wa mwanasaikolojia Muzafer Sherif wa mwaka 1935. Watu walioketi gizani walionyeshwa nukta ya mwanga iliyotulia, ambayo macho huiona kama inasogea. Walipokadiria mwendo wake kwa pamoja, makadirio yao yalikaribiana.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa humfanya mtu akane anachokiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaonyesha wanafunzi wa vyuo mstari mmoja, kisha mitatu mingine, wataje ule unaolingana nao. Jibu lilikuwa wazi kabisa. Lakini katika kila kundi ni mmoja tu asiyejua mpango. Wenzake wote walikuwa wameagizwa kutaja jibu lisilo sahihi. Takribani robo tatu ya waliojaribiwa walifuata kosa hilo angalau mara moja. Baadhi walieleza baadaye kwamba waliujua ukweli ila hawakutaka kuonekana tofauti. Wengine walianza kuyatilia shaka macho yao wenyewe.

Robo iliyobaki haikuyumba hata mara moja, jambo linalosahaulika mno utafiti huu unapotajwa. Tena, alipokuwepo mwenzi mmoja tu wa kusema kweli, waliofuata kosa walipungua sana. Walioandika jibu kwa siri, badala ya kulitamka mbele ya kundi, nao walikosea mara chache zaidi.