Bunduki Inapoanza Kutawanya Risasi

Mashariki ya Busunzu mkoani Kigoma, ardhi ya Kibondo na Kasulu huteremka kutoka vilima vya Waha hadi kwenye nyika na vinamasi vya Pori la Akiba la Moyowosi. Humo nzohe hujificha kwenye mafunjo na nyati hulisha kandokando ya maji. Humo pia wageni kutoka Marekani na Ulaya huja kuwinda kwa kibali, msimu unapofunguliwa Julai. Kabla mgeni hajamfuata mnyama yeyote, mwindaji bingwa humpeleka kwanza mbele ya shabaha ya karatasi. Mara nyingine ni hapo bunduki iliyokuwa ikipiga tundu juu ya tundu huko kwao inapoanza kutawanya risasi ovyo.

Baadhi ya wageni hao huja na risasi walizojaza wenyewe. Huko Marekani, hiyo ni shughuli ya kawaida ya nyumbani: ganda lililokwisha kupigwa husafishwa, hubanwa lirudie umbo lake, hutiwa fataki mpya na baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha hufungwa kwa kichwa kipya. Kwetu Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kutengeneza risasi bila leseni, kwa hiyo ufundi huo tunauona zaidi mikononi mwa wageni. Anayejaza mwenyewe hujigamba kwamba risasi yake inaishinda ya kiwandani, na mara nyingi ni kweli. Kasoro ikijitokeza, basi, hukimbilia kubadili baruti, kichwa na fataki kwa mpigo mmoja. Hata bunduki ikipona, hatajua kilichoiponya.

Mafundi wazoefu huanza na skrubu.

Bunduki iliyosafirishwa kwa ndege, kisha ikarushwarushwa kwenye gari la wazi katika barabara za Kibondo, huweza kulegea mahali pawili: kwenye vishikizo vya darubini na kwenye skrubu zinazofunga chuma kwenye mti. Zikiwa zimekazwa, darubini yenyewe hupimwa kwa kufunga nyingine inayoaminika na kupiga tena kwa risasi zilezile. Darubini iliyovunjika ndani huonekana nzima kabisa kwa nje, na bunduki za kipenyo cha inchi .375 kwenda juu huzitesa darubini kwa teke lake.

Halafu mti. Kitako cha mbao hunywa unyevu wa vinamasi na kuvimba, kikaanza kuugusa mtutu upande mmoja. Noti moja ya karatasi inayopitishwa kati ya mti na mtutu hutosha kuonyesha inapokwama. Mtutu nao una tabia zake: risasi ya kwanza kupita kwenye mafuta ya kusafishia huenda upande, na mtutu uliopata moto baada ya mikupuo mfululizo hutawanya. Shaba ya vichwa hubaki kwenye mifereji ya ndani. Kitambaa chenye dawa ya amonia kikitoka na rangi ya buluu, kazi ya kusafisha haijaisha.

Hapo ndipo zamu ya risasi inafika. Ganda lililojazwa mara nyingi huwa gumu shingoni, likashindwa kukibana kichwa sawasawa, na mwendo wa risasi ukatofautiana mkupuo hadi mkupuo. Ganda la .375 H&H, lililobuniwa mwaka 1912, lina mkanda karibu na kitako chake; likijazwa bila uangalifu huvutika na kuwa jembamba juu kidogo ya mkanda huo, na mwishowe huweza kukatika. Teke nalo huweza kusukuma vichwa ndani zaidi kwa risasi zinazosubiri zamu, zisipobanwa vizuri. Hata kopo jipya la baruti ya jina lilelile huweza kuungua tofauti na la zamani, ndiyo maana wajuzi hupunguza kipimo na kuanza kupanda upya polepole.

Joto nalo lina historia ndefu Afrika. Kampuni ya John Rigby ilipoleta .416 mwaka 1911, ganda lilifanywa kubwa makusudi ili mgandamizo usipande mno katika jua la tropiki. Kinyume chake ni .458 ya Winchester ya mwaka 1956: baruti yake ilishindiliwa ndani ya ganda fupi, na wawindaji wakalalamika kwamba iliganda kama donge na kuungua vibaya, risasi ikatoka bila nguvu. Mmarekani Jack Lott, aliyejeruhiwa na nyati Msumbiji mwaka 1959, ndiye aliyebuni .458 Lott yenye ganda refu zaidi mwaka 1971. Wako waliolaumu bunduki zao miaka yote hiyo, kumbe ugonjwa ulikuwa kwenye ganda.

Uvivu wa kupima huwa na gharama. Kwa nyati, Tanzania inataka bunduki isiyopungua .375, lakini ukubwa wa risasi haufidii mahali ilipotua. Nyati aliyepigwa tumboni huingia kichakani na kumsubiri anayemfuata. Na kwenye hesabu za kambi, mnyama aliyejeruhiwa akapotea hulipiwa ada ileile ya aliyeuawa.