Bia ya Moshi ya Bamberg

Ninyi mliokwisha kuona pombe ya mtama ikitengenezwa mwajua ya kuwa kazi huanza kwa kimea: nafaka hutiwa majini, huachwa hata ikaota, kisha huanikwa juani. Wajerumani nao hufanya kimea, ila chao ni cha shayiri, na jua la kwao ni haba. Basi watu wa kale walikikausha juu ya moto wa kuni. Moshi ulipita kati ya punje, na bia ikanuka moshi. Si kwamba waliutaka. Hawakuwa na njia ya kuuepuka.

Baadaye mafundi walivumbua tanuri ambalo moto wake hukaa kando, hewa yake tu ikapita katika kimea. Kazi ikawa nyepesi, na karibu watengenezaji wote wakaiacha njia ya kale. Lakini katika mji wa Bamberg, kaskazini ya Bavaria, nyumba mbili hazikuiacha, Spezial na Schlenkerla. Hata leo hukausha kimea chao wenyewe kwa kuni.

Schlenkerla yatajwa katika hati tangu mwaka 1405. Zamani iliitwa Simba wa Buluu. Jina la sasa ni la utani. Yasemekana bwana mmoja wa nyumba hiyo alitembea akiyumbayumba na kutupa mikono, na neno la Kijerumani la mwendo huo likawa jina lake, kisha jina la nyumba na la bia. (Kwetu nako ni nani asiyemjua mtu wa jina la namna hiyo?)

Kuni zao ni za mti uitwao buche, usio na utomvu wa kutia uchungu. Kimea kibichi hutandazwa juu ya sakafu yenye matundu, moto ukiwa chini, mpaka kikauke. Kisha husagwa na kulowekwa katika maji ya moto. Maji yake huchemshwa pamoja na maua machungu ya hopsi, hutiwa hamira, na bia huwekwa kukomaa katika mapango baridi yaliyochimbwa mlimani. Mgeni aionjapo mara ya kwanza hudhani amepewa nyama ya kukaushwa kwa moshi.

Naona ukaidi wao ulikuwa na faida kubwa. Kama nao wangaliwafuata wenzao, ladha waliyoijua watu wa karne nyingi ingalitoweka mjini humo, maana kulinda moto wa namna hiyo hakujifunzwi kitabuni.

Na moshi huo umeshika hata vyombo. Schlenkerla hutengeneza pia bia nyeupe, isiyotiwa kimea cha moshi hata punje moja. Lakini kwa kuwa hupitia masufuria yale yale na hamira ile ile, nayo hunuka moshi kidogo.