Je, Wajua? Herufi ya Tambi Iliyoisubiri Kompyuta Hadi 2020

Je, wajua kwamba katika mji wa Xi'an, kaskazini magharibi mwa China, kuna chakula cha kila siku ambacho hadi juzijuzi jina lake halikuweza kuandikwa kwa kompyuta? Ni biangbiang, tambi ambazo wenyeji husema ni pana kama mkanda wa suruali, zinazotiwa pilipili ya kusaga na kumwagiwa mafuta ya moto.

Itazame herufi yenyewe. Juu kuna paa la pango. Chini ya paa limekaa neno "kusema", na kila ubavu wake una uzi. Chini zaidi amesimama farasi katikati ya "ndefu" mbili. Kushoto kuna mwezi, kulia kisu, chini ya hao wote moyo, kisha alama ya kutembea inawazungushia wigo. Kwa hesabu iliyozoeleka kalamu huvutwa mara 58, na watu huikariri kwa mashairi ya mtaani ili wasisahau kipande. Haimo katika Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716, ingawa kamusi hiyo ina herufi zaidi ya 47,000. Ile ya mwanafunzi fukara aliyeibuni ili alipie bakuli lake ni hadithi tamu, na ibaki hadithi. Machi 2020 ndipo ilipoingizwa katika Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta. Ziliingia mbili: nzima, na nyingine iliyopunguzwa hadi mivuto 42. Naam, hata tambi zilipatiwa toleo rahisi!

Kupunguza herufi kwa namna hiyo ndiko kulikozua ubishi usiokwisha. Mwaka 1956 serikali ya Beijing ilitangaza mpango wa kurahisisha herufi ili watu wengi zaidi wajue kusoma, na orodha ya mwaka 1964 ikawa na zaidi ya herufi 2,200. Singapore na Malaysia zilifuata baadaye. Taiwan, Hong Kong na Macau zilibaki na za zamani. Ndiyo maana aliyejifunza Kichina katika Taasisi ya Confucius ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, akishuka Hong Kong hukutana na mabango yanayomtoa jasho.

Lalamiko linalopendwa kuliko yote linahusu upendo. Herufi ya zamani, 愛, ina moyo katikati. Ya sasa, 爱, haina. Upendo usio na moyo, wanasema wapinzani. Maneno matamu jukwaani, lakini historia haiwaungi mkono sana, maana waandishi wa mwandiko wa haraka walikwishauruka moyo huo karne nyingi kabla ya 1956. Tena kuna wingu. Leo Beijing huandika 云, Taipei 雲. Iliyo kongwe ni hiyo fupi! Mvua iliongezwa juu yake baadaye, pale 云 ilipoazimwa kuandikia kitenzi cha kusema. Na serikali ya kwanza kuchapisha orodha rasmi ya herufi zilizorahisishwa haikuwa ya wakomunisti. Ilikuwa ya Kuomintang, chama kilekile kilichokuja kuhamia Taiwan: kilitoa herufi 324 mwaka 1935, upinzani ukawaka, kikazifuta mwaka uliofuata.

Kasoro ya kweli, kwa maoni yangu, iko kwingine. Herufi mbili ziliunganishwa kuwa moja. "Nywele" (髮) na "kutoa" (發) zote sasa ni 发, kwa hiyo programu ikigeuza maandishi kuyarudisha katika mtindo wa zamani, saluni inaweza kujikuta na bango lisilotaja nywele hata kidogo. Beijing nayo iliwahi kuvuka mpaka: awamu ya pili ya mwaka 1977 iliwachanganya wasomaji hadi ikafutwa rasmi mwaka 1986.

Je, wajua kwamba mwanamke pekee aliyepata kuitawala China kwa cheo cha mfalme alikuwa na herufi zake? Wu Zetian, aliyetawazwa mwaka 690, aliidhinisha zaidi ya kumi. Ya jina lake, 曌, ina jua na mwezi juu ya anga. Alipoondoka madarakani mwaka 705 nyingi zilizikwa, lakini yake ya "nchi", 圀, ilivuka bahari na ikabaki katika jina la mtawala wa jimbo moja la Japani wa karne ya 17, Tokugawa Mitsukuni.

Majina ndiyo yaliyoihangaisha kompyuta zaidi. Kiwango cha China cha mwaka 1980 kilikuwa na herufi 6,763 tu, na herufi ya katikati ya jina la Zhu Rongji haikuwemo. Mtu huyo akawa waziri mkuu mwaka 1998, magazeti yakalazimika kuiunga herufi kwa vipande. Wanyonge hawakuungiwa. Huko Yunnan, baadhi ya watu wa kabila la Lisu ambao jina la ukoo wao halikupatikana kwenye mashine walijikuta katika vitambulisho wakiitwa Bata, kwa kuwa matamshi yalikaribiana.

Na zipo herufi ambazo hata Wachina hawazisomi. Mwaka 1899 msomi Wang Yirong alitambua kwamba "mifupa ya joka" iliyosagwa na kuuzwa kama dawa ilikuwa na maandishi ya nasaba ya Shang, ya zaidi ya miaka 3,000. Kiasi gani kilikuwa kimeshanywewa, nani atajua? Kati ya herufi kama 4,500 zilizoonekana katika mifupa hiyo, karibu theluthi moja tu ndizo zinazosomeka bila ubishi. Mwaka 2016 jumba la makumbusho la maandishi la Anyang liliahidi yuan 100,000 kwa kila herufi itakayofumbuliwa kwa ushahidi. Fedha hizo si za bwerere: nyingi ya zilizobaki ni majina ya watu na mahali, na jina halina sentensi ya kulifafanua.