Kiungo Kinapopotea Njia: Marejeo ya Biblia Ndani ya Kompyuta

Miongoni mwa misaada ambayo kompyuta humpa msomaji wa Biblia, viungo vya marejeo ni msaada wa thamani kubwa. Msomaji hugusa maandishi madogo "Yoe. 2:28" kando ya hotuba ya Petro katika Matendo ya Mitume, na mara ile mahali palipotajwa hutokea mbele yake. Lakini zipo siku ambapo hutokea mahali pengine kabisa, au hakitokei kitu. Wanafunzi wawili wa sekondari waliwahi kunijia wakiwa wamegombana: mmoja alishikilia kwamba tafsiri ya mwenzake imechezewa, kwa kuwa rejeo la Zaburi ya 51 lilimfikisha kwenye maneno asiyoyatazamia. Hakuna aliyekuwa amechezea kitu. Kosa lilikuwa la hesabu, na asili yake ni ya kale kuliko kompyuta.

Ifahamike kwanza kwamba sura na mistari si sehemu ya maandishi ya asili. Katika karne ya 4 Eusebius wa Kaisaria alizigawa Injili nne katika vifungu zaidi ya 1,100, akavipanga katika majedwali 10 ili msomaji aone habari zinazofanana ziko wapi. Huo ulikuwa mtambo wa marejeo uliofanya kazi bila umeme. Mgawanyo wa sura tunaoutumia leo huhusishwa na Stephen Langton, aliyefariki mwaka 1228. Nayo mistari ya Agano Jipya yenye namba ilichapwa na Robert Estienne mwaka 1551. Kwa kuwa kazi hii ilifanywa na mikono mingi katika nchi mbalimbali, hesabu hazikulingana kila mahali.

Tazama Zaburi. Katika Biblia ya Kiebrania, kichwa cha zaburi huhesabiwa kuwa sehemu ya mistari. Katika tafsiri nyingi za Kiingereza, na katika Biblia ya Kiswahili ya Union, kichwa hakipewi namba. Zaburi ya 51 ina kichwa kirefu kinachochukua mistari miwili; hivyo kwa Kiebrania ina mistari 21, na kwetu 19. Ombi la kuumbiwa moyo safi ni mstari wa 10 kwetu, na wa 12 katika Kiebrania. Je, turekebishe kwa kutoa 2 kila mara? La. Kichwa cha Zaburi ya 3 huchukua mstari mmoja tu. Zaburi ya 23 ina kichwa pia, lakini kimo ndani ya mstari wa kwanza, kwa hiyo hakuna kinachosogea. Zaburi ya 1 haina kichwa. Hapa kanuni moja haifai. Linahitajika jedwali linaloonyesha, zaburi kwa zaburi, namba ipi inalingana na ipi. Tafsiri ya kale ya Kiyunani huongeza tatizo la pili: huziunganisha Zaburi za 9 na 10 kuwa moja, na kwa sababu hiyo Zaburi ya 23 huwa ya 22.

Yoeli na Malaki nao wana mfano wao. Yoeli 2:28 ni 3:1 katika Kiebrania, na Malaki 4:5 ni 3:23. Programu isiyo na jedwali hutafuta sura ya 4 ya Malaki katika matini yenye sura 3, ikaishia kukaa kimya.

Ukimya una sababu nyingine ambayo sisi watumiaji wa Kiswahili tunaifahamu vizuri zaidi kuliko watunga programu wa ng'ambo. Programu nyingine hutambua kitabu kwa herufi zake tatu za mwanzo. Vitabu vyetu vingi huanza na "Wa": Waefeso na Waebrania vyote hutoa "Wae". Ndiyo maana wachapaji wetu walichagua "Efe." na "Ebr.", wakiacha kiambishi. Atakayeingiza orodha ya vifupisho bila kulitazama jambo hilo atawapeleka Waefeso kwa Waebrania.

Alama za uandishi nazo si za kudharau. Nilipokuwa nikisomea shahada ya udaktari huko Ujerumani nilikuta wenyeji wakiandika "3,16" pale tunapoandika "3:16". Programu yetu huisoma alama hiyo kuwa ni orodha: sura ya 3 na sura ya 16. Aidha, vitabu vitano, yaani Obadia, Filemoni, 2 Yohana, 3 Yohana na Yuda, vina sura moja tu. "Yuda 5" ni mstari wa 5, wala si sura ya 5.

Kwa hiyo mwenye kutafuta kosa aanze kwa kuuliza: kiungo kimekaa kimya, au kimekosea mahali? Kikikaa kimya, achunguze kifupisho na alama. Kikikosea kwa mstari mmoja au miwili katika Zaburi, achunguze vichwa. Kikikosea kwa zaburi nzima, achunguze hesabu ya Kiyunani. Kisha, baada ya kila marekebisho, ajaribu tena Zaburi za 1, 3, 23 na 51 zote pamoja, maana dawa ya moja huweza kuwa sumu ya nyingine.

Wale wanafunzi wawili tuliketi nao tukafungua matini zote mbili sambamba. Mmoja, bila kuambiwa, alitaka tuangalie Zaburi ya 23, ikawa sawasawa. Tulipofungua faili la maelezo ya ile tafsiri, tulikuta imeandikwa kwamba inafuata hesabu ya Kiebrania, kumbe haifuati. Tulibadili neno hilo moja, tukagusa rejeo, likafika kwenye mstari wa 10.