Kiingereza Mbinga na Nyasa: Sarufi na Mazungumzo kwa Ajili ya Mtihani

Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne hufanywa kwa kalamu. Kwa muda wa saa 3 mtahiniwa husoma habari na kujibu maswali juu yake, hurekebisha sentensi, huandika barua au insha na kueleza vitabu vya fasihi alivyosoma. Hakuna anayemwuliza swali kwa mdomo, wala anayesikiliza matamshi yake. Kwa sababu hiyo, wanafunzi wengi wa Mbinga mjini, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi huyaona mazungumzo kuwa jambo la pembeni, na sarufi kuwa orodha ya kanuni za kukariri. Hapo ndipo jitihada nyingi hupotea. Kanuni iliyokaririwa tu humponyoka mtu anapoandika haraka huku saa ikimkimbiza. Kanuni aliyoitamka mara nyingi katika maneno ya kila siku huja yenyewe.

Mitihani hiyo husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria mwaka 1973, miaka 2 baada ya nchi kujitoa katika baraza la pamoja la Afrika Mashariki. Kiingereza hupimwa tangu shule ya msingi hadi sekondari. Lakini uzito wake unazidi somo lenyewe. Katika sekondari za serikali, Biolojia, Jiografia, Historia na Hisabati hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi anayejua vizuri jinsi mmomonyoko wa udongo unavyotokea katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, anaweza kukosa alama za Jiografia kwa sababu tu hawezi kuunganisha sentensi 3 za kueleza anachokijua.

Lugha mbili kabla ya Kiingereza

Mtoto wa Umatengo huanza na Kimatengo nyumbani. Ufukweni mwa Ziwa Nyasa mwenzake hukua na Kimpoto, Kimanda au Kinyanja. Wote hukutana na Kiswahili mapema, na tangu mwaka 1967 Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma. Kisha huja kidato cha kwanza, na lugha ya kufundishia hubadilika. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili, lakini serikali haikulitekeleza pendekezo hilo. Mwanafunzi wa leo anabeba matokeo ya uamuzi huo.

Ng'ambo ya ziwa iko Malawi, ambako Kiingereza ni lugha rasmi. Hata hivyo ujirani huo hauleti Kiingereza ufukweni, maana watu wa pande zote mbili wana Kinyanja cha kuelewana. Sokoni Mbinga, kwenye mizani ya kahawa na kwenye mialo ya dagaa, mtu anaweza kuishi miaka yote bila kuhitaji sentensi moja ya Kiingereza. Mwanafunzi wa huku hawezi kuingojea lugha hii imfuate mtaani. Inabidi atenge mahali na wakati wa kuizungumza.

Mwanafunzi huyu, hata hivyo, haanzi na mikono mitupu. Amekwisha kumudu lugha mbili, na anajua kwa mazoea kwamba jambo moja linaweza kusemwa kwa njia zaidi ya moja. Anachohitaji ni kujua hasa ni wapi Kiswahili na Kiingereza huachana.

Mahali zinapoachana

Pa kwanza ni wakati wa kitenzi. Kiswahili husema "baba analima kahawa" kwa maana mbili: ndiyo kazi yake kila mwaka, au yuko shambani saa hii. Kiingereza huzitenganisha: "My father grows coffee" ni kazi yake, "My father is weeding the coffee" ni anachofanya sasa. Kiambishi -me- nacho kina mtego wake. "Amefika" ni "He has arrived", lakini siku ikishatajwa Kiingereza hubadili umbo: "He arrived yesterday", wala si "He has arrived yesterday". Zaidi ya hapo, -me- ya Kiswahili mara nyingi hueleza hali aliyo nayo mtu, si tendo lililokwisha. "Amelala" ni "She is asleep". "Amesimama" ni "She is standing". "Amevaa koti" ni "She is wearing a coat". Anayetafsiri -me- kwa "has" kila mahali hukosea bila kujua kwa nini.

Pa pili ni nafsi. Katika "mama anauza ndizi", herufi a- imo ndani ya kitenzi na haiepukiki. Ndiyo sababu wengi huandika "My mother she sells bananas", wakihamisha ile a- kuwa "she". Kiingereza kikishataja mtenda, hakimrudii: "My mother sells bananas". Badala yake hudai s mwishoni mwa kitenzi, nayo ndiyo husahaulika zaidi. Tena a- ya Kiswahili haibagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo "he" na "she" huchanganywa hata na mwanafunzi hodari.

Pa tatu ni vineno "a" na "the", ambavyo Kiswahili hakina. Njia nyepesi ya kuvielewa ni kufikiria msikilizaji. Kitu kinachotajwa kwa mara ya kwanza, kikiwa kimoja na cha kuhesabika, hupewa "a". Msikilizaji akishajua ni kipi, hupewa "the". "My uncle bought a boat. The boat is at Liuli." Mtumbwi wa sentensi ya pili si mtumbwi wowote, ni ule ule alionunua mjomba.

Pa nne ni mahali penyewe. Kiswahili kina -ni moja inayotosha kote: nyumbani, mezani, ziwani. Kiingereza huuliza zaidi: ni ndani, ni juu, au ni pale? Wavuvi wako ziwani, nao ni "on the lake", kwa kuwa wanaelea juu ya maji. Samaki wako ziwani, nao ni "in the lake". Mfano huo mmoja, kwa mtoto aliyekulia Mbamba Bay, unafaa kuliko ukurasa mzima wa kanuni.

Pa tano ni kujibu swali la kukanusha. Akiulizwa "Hujaenda sokoni?", Mswahili ambaye hajaenda hujibu "Ndiyo, sijaenda", akikubaliana na mwulizaji. Kiingereza hujibu kwa kuangalia tendo: halikufanyika, basi jibu ni "No, I haven't". Kosa hili halionekani katika mazoezi ya kujaza nafasi, lakini hujitokeza mara moja watu wawili wanapozungumza, na hujitokeza tena mtihani unapomtaka mtahiniwa akamilishe mazungumzo.

Kuna pia sauti. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa vitabuni huhesabiwa kuwa na sauti za irabu zipatazo 20. Kwa hiyo "ship" na "sheep", au "live" na "leave", huwa neno moja masikioni mwa anayeanza, na asichokitofautisha kwa sikio hukikosea kwa kalamu. Dawa yake ni imla: mmoja asome, mwingine aandike, kisha waangalie pamoja.

Mazungumzo ya kila siku

Salamu ndizo mlango. Darasa zima huweza kuimba "Good morning, teacher", lakini mwanafunzi mmoja akiulizwa peke yake njiani hukwama. Sababu moja ni kwamba heshima ya Kiswahili haina njia ya moja kwa moja ya kuingia katika Kiingereza. "Shikamoo" haina neno lake katika Kiingereza. Heshima huko hubebwa na "Good morning", na "sir" au "madam" inapofaa, na zaidi na namna ya kuomba. "Naomba maji" si "I beg water", bali "Could I have some water, please?" Neno "pole" nalo hutaka uangalifu. Kwa mgonjwa au aliyefiwa "I'm sorry" inafaa, lakini "pole na kazi" haihamishiki. Mtu akisema "sorry for the work", msikilizaji mgeni atadhani anaombwa radhi.

Kuuza na kununua ni uwanja mwingine mzuri wa mazoezi. Wanafunzi wawili wa ufukweni wanaweza kuigiza biashara ya dagaa wakavu, mmoja mvuvi, mwingine mnunuzi kutoka Songea:

"How much is this bucket of dried fish?"
"It's ten thousand shillings."
"Could you lower the price a little, please?"
"How many buckets do you want?"

Mistari hiyo minne ina sarufi nyingi. "How much" huuliza bei, "how many" huuliza idadi. "Fish" haibadiliki, awe samaki mmoja au ndoo nzima. "Punguza kidogo" haisemwi "reduce small". Na swali la mwisho linahitaji "do", neno ambalo Kiswahili hakilihitaji kabisa. Wakibadilishana nafasi mara 5, wakibadili bidhaa kuwa maharage au kahawa, maumbo hayo hukaa.

Ngoro kama zoezi

Mtihani mara nyingi humtaka mtahiniwa aeleze jinsi jambo linavyofanyika. Mwanafunzi wa Mbinga ana mfano mlangoni kwake: ngoro, mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo wameyatumia kwa vizazi kuzuia maji yasiubebe udongo kwenye miteremko mikali. Kazi hiyo inaelezeka kwa sentensi fupi:

"First, the grass is cut and left to dry. Then it is laid in rows that cross one another to form squares. Soil is dug from the middle of each square and spread over the grass. Finally, beans are sown on the ridges."

Kila kitenzi kikuu hapo kimo katika kauli ya kutendwa, na Kiswahili kinayo kauli hiyo hiyo: hukatwa, hulazwa, huchimbwa, hupandwa. Kwa hiyo mwanafunzi hajifunzi wazo jipya, bali umbo jipya la wazo analolijua. Baada ya hapo aseme habari ile ile kana kwamba ilitokea mwaka jana, "the grass was cut", kisha aisimulie kama mtenda, "my parents cut the grass". Kwa aya moja ya shambani amefanya mazoezi ya nyakati, kauli na mpangilio wa hoja. Kahawa inafaa vivyo hivyo, tangu kuchuma mbivu, kumenya, kuosha, hadi kuanika.

Utaratibu unaofaa

Nusu saa kila siku hufaa kuliko siku nzima ya Jumamosi. Wawili wakikaa pamoja, dakika 10 za kwanza ziwe za kuzungumza juu ya mambo ya siku hiyo bila kusahihishana. Kumi za pili ziwe za kuandika yale waliyosema. Kumi za mwisho ziwe za kusahihisha, wakiwa na kamusi. Ile ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, imewasaidia wengi. Kila kosa linaloandikwa katika daftari la makosa liandikwe pamoja na sentensi sahihi, na sentensi hiyo itamkwe tena kesho yake.

Vitabu vya fasihi navyo ni vya kusomwa kwa sauti. Tamthilia kama The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka na Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia ni mazungumzo tangu mwanzo hadi mwisho; wanafunzi wakigawana sehemu na kuziigiza, hujiandaa kwa insha ya fasihi huku wakizoea majibizano. Riwaya ya A Wreath for Fr. Mayer iliandikwa na S. N. Ndunguru, jina la ukoo linalojulikana sana Umatengo. Riwaya hiyo peke yake inamwonyesha mtoto wa huku kwamba Kiingereza kinaweza kusimulia habari za kusini mwa Tanzania.

Mitihani ya miaka iliyopita ifanywe kwa saa, si kwa kusoma majibu. Baraza la Mitihani hutoa pia uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, unaoeleza ni wapi wengi walikosea na kwa nini. Mwalimu anayesoma uchambuzi huo na darasa lake huwapa wanafunzi macho ya msahihishaji.

Wanaokusudia kusoma au kufanya kazi nje ya nchi hukutana na mtihani wa namna nyingine. IELTS, ulioanza mwaka 1989, hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14 ana kwa ana na mtahini. Katikati yake mtahiniwa hupewa mada, dakika 1 ya kujiandaa, na hadi dakika 2 za kusema peke yake. Aliyezoea kueleza ngoro kwa sauti tangu kidato cha kwanza haoni dakika hizo kuwa mlima.

Kicheko na adhabu

Kinachozuia mazungumzo mara nyingi si ukosefu wa vitabu, bali ni hofu. Mwanafunzi hukosea, darasa hucheka, naye hanyanyui mkono tena mwaka mzima. Shule nyingine huadhibu anayesema Kiswahili, zikidhani kuwa Kiingereza kitajaza nafasi hiyo. Adhabu haimpi mtoto maneno asiyo nayo, humnyamazisha. Mwalimu aliyekubali kosa lisemwe, akalirekebisha kwa upole na kumwacha mtoto aendelee, ndiye anayejenga sarufi. Wazazi wa Mbinga na wa ufukweni, hata wasiojua Kiingereza, wanaweza kutoa msaada ule ule: wamwachie mtoto nusu saa yake ya kila jioni, na asiwepo nyumbani wa kumcheka.