Asali na Maji Yake (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimfuata nyuki mpaka mlangoni mwa mzinga. Leo tuingie ndani, maana humo ndimo asali inamopona au kuharibika.

Mbochi, yale maji matamu ya maua, bado si asali. Nyuki huyapokezana mdomo kwa mdomo, wakiyatia vimeng'enya vinavyoivunja sukari yake kuwa glukosi na fruktosi, kisha huyatandaza ndani ya sega na kuyapepea kwa mabawa. Maji yakipungua hadi chini ya asilimia 20 hivi, kila kitundu huzibwa kwa nta. Sega lililozibwa limeiva. Lililo wazi bado.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea huku Kimwani. Tuko kati ya Ziwa Viktoria na mapori ya Biharamulo na Burigi. Mapori yana maua tele, lakini hewa ya ziwani ina unyevu, na asali hunywa unyevu wa hewa. Mrinaji anayekata kila kitu kwa pupa, masega mabichi na ya majana pamoja, akayaminya kwenye ndoo isiyo na kifuniko, baada ya muda hukuta povu na harufu ya pombe. Chachu zimepata maji, zimeanza kazi. Asali iliyoiva ni nzito mno: huvinyonya maji vijidudu vikafa, tena ina asidi. Ikikutana na unyevu wa kidonda, kimeng'enya chake kimoja hutoa haidrojeni peroksaidi. Wamisri waliifungia majeraha zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, na sababu ya kuwafaa ni hiyo.

Hata hivyo mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe hata tone, kwa sababu asali safi kabisa yaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulizimu, na utumbo wake haujaweza kuzizuia.

Wanunuzi nao wanawaonea wafugaji. Asali ikiganda, husema imetiwa sukari. Kuganda ni kazi ya glukosi, na asali halisi huganda, hasa kwenye baridi. Iweke chupa kwenye maji ya vuguvugu, usiichemshe: moto mkali huua vimeng'enya na kupoteza harufu ya maua.

Juma lijalo: nta.