Elimu ya Kuganga Mioyo Iliyojeruhiwa

Mjini Fizi, juu ya milima iliyo karibu na Ziwa Tanganyika, wengi hawajaisahau tarehe 1 Januari 2011. Jioni ile askari walivamia nyumba za watu, wakapora mali, wakawanajisi wanawake wengi. Mwezi wa Februari mahakama ya kijeshi ilikaa Baraka, kando ya ziwa, ikamhukumu mkuu wao kifungo cha miaka 20. Hukumu ilikuwa ya haki. Lakini hakimu akiisha kufunga kitabu chake huondoka, naye mwanamke hurudi nyumbani. Huko usingizi haumjii. Akisikia kishindo cha viatu njiani, moyo humwenda mbio. Pengine mumewe hamtaki tena, na majirani wanamsengenya. Nani atamganga?

Wengi hudhani kazi hiyo ni ya waganga wakubwa tu, waliosoma Ulaya. Sivyo. Mwaka 2013 jarida moja la waganga la Marekani lilieleza jaribio lililofanywa katika vijiji vya Kivu Kusini na Kivu Kaskazini. Wanawake 405 waliopatwa na mateso ya namna hiyo walihudumiwa na wanawake wenzao wa nchi hiyo, wenye elimu ya sekondari tu, waliofunzwa kazi na kusimamiwa. Wanawake 248 walipewa msaada mmoja mmoja. 157 walifundishwa zaidi kwa makundi, namna ya kuyachungua mawazo yao wenyewe.

Kwa mfano, mmoja asema: "Kosa ni langu, kwa maana nilikwenda shambani peke yangu." Msaidizi hamkemei wala hamhubirii. Humwuliza: "Aliyetenda uovu ni nani? Je, ungalimhukumu dada yako hivyo?" Na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, mazoezi yote walijifunza kwa kichwa. Baada ya miezi sita, katika kundi la kwanza 42 kwa kila 100 walikuwa bado na huzuni au hofu kubwa. Katika la pili, 9 tu. Sisi tuliozoea kusema "vumilia, yatapita" yafaa tuzisome tena hesabu hizo.

Kijana atakaye kusomea kazi hii ajue kwamba lililo gumu si vitabu. Ni siri. Kijijini kila mtu ni shangazi au shemeji wa mwingine, na neno moja likivuja kisimani hakuna mgonjwa atakayekuja tena. Tena hana budi kujua mpaka wa kazi yake: kifafa si pepo, na mwenye kusikia sauti zisizokuwapo ahitaji dawa, si kamba wala tuhuma za uchawi. Wa namna hiyo hupelekwa kwa muuguzi, hata Bukavu, ambako Mabruda wa Upendo walianzisha kituo cha Sosame mwaka 1994.

Mwisho, ajifunze kuhesabu saa. Mwanamke aliyenajisiwa apaswa kuanza dawa ya kuzuia UKIMWI kabla ya saa 72 kupita. Kwa mtu wa rasi ya Ubwari, angojaye chombo cha kuvuka hadi Baraka, saa hizo si nyingi.